Kamba ya Mafundo Mawili

Nilishuka stendi ya Moshi saa kumi na moja alfajiri,
siku ya tano tangu Lubumbashi.
Kasumbalesa, Kapiri, Nakonde, Tunduma:
mihuri minne, begi moja,
na mfukoni kamba ya katani yenye mafundo mawili.
Fundo la kwanza, goti la Monga.
La pili, kisigino.
Nilimpima mguu wa kulia,
ule uliobaki.

Lugha sikuipakia. Niliamini imenitangulia.
Kumbe nayo ilihitaji viza.
Niliomba "kilauri ya mayi",
muuza duka akanitazama kama redio iliyohama stesheni.
Darasani nikasema, "Miye niko na njaa ya kujua,"
kicheko kikapita benchi hadi benchi
kama kisahani cha sadaka,
kila mtu akatoa chake.

Wiki mbili sikufungua mdomo.
Plasta haina lahaja.
Ukiichelewa inaganda, ukiiharakisha inapasuka,
na Mwalimu Mshiu hufundisha zaidi kwa vidole:
hugonga umbo la paja, huinamisha sikio
kama mtu anayenunua chungu.
"Goti," husema, "si bawaba ya mlango.
Mlango haujawahi kuogopa ngazi."

Soweto nilikopanga, Mama Aikande
alinipa bakuli la mtori kabla hajataja kodi.
Akaniambia nitazame kaskazini mapema,
kabla mawingu hayajafunga duka.
Mwezi mzima sikuona kitu.
Nikadhani mlima ni maneno tu ya wenyeji,
namna yao ya kumkaribisha mgeni.
Asubuhi moja, mswaki mdomoni,
huo hapo, mweupe,
juu kuliko nilipokuwa nikiutafuta.
Siku zote nilikuwa natazama chini mno.

Nikampigia Monga.
"Iko mukubwa?"
"Iko mukubwa."
"Kupita kilima yetu ya shaba?"
"Kile kilitoka shimoni, Monga. Huu ulijiotea wenyewe."
Akanyamaza.
Nikajiuma ulimi:
kuna neno nyumbani hatulitamki,
tangu udongo ulipomrudisha mdogo wangu
ukabaki na mguu wake wa kushoto.

Ndeonasia, aliyecheka wa kwanza siku ile,
alikuja karakana na jani refu la kijani,
akaliweka mezani kwangu, kati ya patasi na tupa.
"Isale," akasema. "Kwetu halikataliwi."
Sikujua mtu hujibu nini.
Nikauliza, "Linapikwa kama sombe?"
Kicheko kikazunguka tena.
Safari hii na mimi nilitoa changu.

Mwaka wa pili, Jumamosi, Kiboriloni,
tumeinama juu ya lundo la viatu vya mitumba.
Mguu wangu wa kwanza kupita mtihani unakaribia kukamilika,
Mwalimu kaniruhusu utakaofuata uwe wa nyumbani.
Nimeona buti la kahawia, soli nzima.
"Kimoja hakiuzwi," muuzaji ananiambia,
"hata ukiwa nacho kimoja cha kukivalia."
Kisha: "Namba ngapi?"
Natoa kamba.
Ananitazama. Ndeonasia ananitazama.
Kamba haijui namba ya kiatu.

Napiga simu palepale, kelele za wauzaji zikinizunguka.
"Makumi ine na tatu," anajibu,
kwa sauti nzito nisiyoifahamu.
Nilimwacha akivaa thelathini na nane.
"Yaya, miye nilishakomea.
Ile kamba ni ya mutoto."

Mafuta ya taa, chumvi, dawa ya mama,
yote nilikuwa nayahesabu kutoka huku.
Urefu sikuuhesabu.

Tulinunua jozi nzima.
Usiku nililifungua fundo la pili kwa meno,
lilikuwa limekaza kweli.
Nimemwambia mama ampime upya, asubuhi,
akiwa amesimama, ameegemea ukuta,
asimruhusu kujinyoosha kwa majivuno.

Pale fundo lilipokuwa kumebaki kikunjo.
Navuta kamba, hakinyooki.
Simu iko kifuani, nasubiri.